Mnyama Aliyelala Ubavu Hamiminiwi Kitu Mdomoni

Mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024 huku Rufiji na Kibiti, barabara hukatika na daktari wa mifugo huchelewa kufika. Wanaotangulia ni vijana wa kujitolea na wafugaji wenyewe, kwa mtumbwi, na bila wao mifugo mingi isingefika nchi kavu. Nawashukuru kwa dhati. Ila kuna kosa moja ninalolikuta kila mara, nalo linaua wanyama ambao maji yenyewe yameshindwa kuwaua.

Ng'ombe au mbuzi ametolewa majini, amelala ubavu, hajiwezi. Mmoja anamshika pua na kuinua kichwa juu, mwingine anavuta ulimi pembeni, wa tatu anamimina: maziwa, uji, soda, mafuta ya kula. Eti apate nguvu. Ndugu zangu, mnyama aliyechoka hivyo hamezi, na ulimi ukivutwa hata mzima hawezi kumeza. Mnachomimina kinaingia njia ya hewa na kushuka mapafuni. Atakufa palepale, au atasimama mfurahi, kisha siku ya pili au ya tatu apumue kwa shida, pumzi inanuka, nimonia imemmaliza. Bomani watasema ni ugonjwa wa mafuriko, kumbe ni ile chupa. Mafuta ndiyo mabaya kuliko yote, maana yanapita kooni bila kumfanya akohoe.

Kwanza mlaze kwa kifua, miguu imekunjwa chini yake, magunia ya maganda ya mpunga yamemkaza pande zote mbili. Akibaki ubavu tumbo litajaa gesi. Asipoweza kusimama, mgeuze upande kila baada ya saa 3, usiku pia.

Pili, pima joto kwa njia ya haja kubwa, themometa ikae dakika 2. Likiwa chini ya nyuzi 37, usimpe chochote kwanza. Mkaushe, msugue kwa gunia kavu, mwekee chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa.

Tatu, jaribu kama anameza. Ndama mtie kidole safi juu ya ulimi: akikinyonya, anameza. Mbuzi mkubwa usimtie kidole, magego yatakukata. Mloweshe midomo uone kama analamba na kumeza. Asiyemeza anasubiri mtaalamu mwenye mpira wa tumboni au dripu. Najua inauma kukaa tu na kutazama. Subirini hivyo hivyo.

Anayemeza mpe ndoo anywe mwenyewe. Ikibidi chupa, iwe ya plastiki, ipite kwenye pembe ya mdomo. Pua isipande juu ya usawa wa jicho. Mbuzi mpe vijiko 2 vya chakula kwa funda, ameze, ndipo uongeze. Akikohoa, achia kichwa kishuke mara moja, uache kabisa.

Ndama na mbuzi wanaoharisha wanahitaji maji ya chumvi na glukosi, si sukari ya kawaida, maana ndama haimeng'enyi vizuri: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya glukosi ya unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vilivyosawazishwa kwa kisu! Nimekuta mtu anapima chumvi kwa kiganja. Chumvi ikizidi inamkausha zaidi. Ndama wa kilo 30 anatoshwa na lita 1 na nusu kwa mara moja, kisha baada ya saa 6 tena.

Masikio yakipata joto na akaanza kucheua, ni dalili kwamba anapata nafuu.

Kama tayari alishamiminiwa, pima joto asubuhi na jioni kwa siku 3. Ng'ombe akipita nyuzi 39.5, au mbuzi akipita 40, au mbavu zikienda mbio, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Mwambie kilimiminwa nini na saa ngapi, hata kama aliyemimina ni wewe.