Mpini wa kisu wa mpingo: soma hapa kwanza kabla hujanifuata inbox

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne mpini wa kisu wa mpingo unatengenezwaje, wote wanaanza na "samahani fundi". Naandika mara moja, kuanzia kesho natuma hili tu.

1. Mbao. Usinunue gogo. Wachongaji wa Mwenge wana mabaki, na wanaopasua mpingo wa klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) hukataa kipande kikiwa na ufa kidogo tu, kwa mpini kinakutosha kabisa. Ukibeba mzigo toka Kilwa au Nachingwea uwe na TP (kibali cha kusafirisha) ya TFS, wakala wa misitu. Feki zipo, mti mweupe umepakwa kiwi ya viatu: kwangua na kisu, halafu tumbukiza kwenye ndoo, mpingo unazama.

2. Pasua vipande viwili vya milimita 8 hadi 10, msuka (ule mkia wa chuma wa kisu unaoingia kwenye mpini) ukae katikati.

3. VUMBI. Hapa ndo nilichemka. Mvua ilikuwa inanyesha nikafunga dirisha nikapiga grenda ndani, puani nimejifunga leso kama mjanja. Usiku macho yamevimba kama nimeng'atwa na nyuki, vipele shingoni pale kola inapogusa, kifua kinapiga filimbi, siku tatu sifanyi kazi. Na mwili wangu tangu hapo umeukataa, mpaka leo nikifagia tu karakana naanza chafya. Kwa hiyo vaa N95 (barakoa ya kuchuja vumbi, inabana uso), miwani na mikono mirefu, fanyia nje. Usipulize vumbi na kompresa, futa na kitambaa kibichi. Oga kabla hujabeba mtoto.

4. Toboa polepole na uweke kibao chini. Biti ikipata moto mpingo unapasuka.

5. Gundi. Tumia epoksi, ila mpingo una mafuta, haishiki mpaka uusafishe. Kwaruza na msasa namba 80, futa na asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi, paka gundi hapo hapo, bana na jiliwa bila kukamua, acha masaa 24.

6. Msasa 120 mpaka 600, nta, kwisha.

MASWALI

– Fundi mpingo napata wapi?
Namba 1.

– Barakoa zile za korona za buluu si zinatosha?
Hazitoshi, pembeni ziko wazi. Mapafu ni yako lakini.

– Nimebandika bila asetoni mbona umeshika?
Subiri mwenye kisu aanze kuosha kila siku.

– Kipande changu upande mmoja kina mstari wa njano, ni feki?
Swali zuri hili. Siyo feki, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, kiini ndo cheusi. Ni laini kidogo na wadudu wanaipenda, ila ukiiacha nyembamba pembeni ya mpini inapendeza sana.

– Nitajuaje umekauka?
Paka nta kwenye ncha zote mbili usipasuke, weka kivulini, pima kwenye mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kushuka umekauka. Una mafuta na umeshikana, kwa hiyo kuwa mvumilivu, ni miezi siyo wiki.

– Nina mteja Ujerumani, natuma tu?
Dalbergia (jamii ya mpingo) zote ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, toka 2017. Waulize TFS kwanza, usiniulize mimi.

– Mimi hatua ya mwisho natumia msasa wa maji na tone la mafuta, vumbi haliruki.
Safi sana mkuu, naiba hiyo. Ila lile tope jeusi lina mafuta, usilichanganye na epoksi kuziba nyufa, halitashika.

– Mninga je, nao una vumbi baya?
Namba 3, badilisha jina la mti.