Somo: Kabla hujapulizia dawa, jua kwanza kwa nini ua limeharibika umbo

Assalaam alaykum. Kila masika yakimalizika huletewa picha zilezile za mawaridi yaliyopinda na asumini zilizokataa kufunguka, na chini yake swali moja: "Nitumie dawa gani?" Naandika mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Jibu halimo dukani. Limo katika namna madhara yalivyotawanyika: kama ni ua moja, mti mmoja, au bustani nzima.

Hatua ya kwanza. Hakikisha kwamba ua hilo si la umbo hilo kwa maumbile yake.

Hatua ya pili. Hesabu miti iliyoathirika na uangalie ni ya aina ngapi. Ua moja lililoharibika kati ya mengi mazima aghalabu ni hitilafu ya ukuaji tu. Waridi lililochomoza kikonyo na tumba jengine katikati yake, au shina lililobapa, halitaki dawa. Kata chini ya sehemu hiyo.

Hatua ya tatu. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Ukiona wadudu wembamba wa milimita 1 hadi 2, wa manjano au hudhurungi, wakikimbia, hao ni vithiripi, na ndio waliochubua petali zikawa na michirizi na kingo za hudhurungi.

Hatua ya nne. Pasua tumba kwa wembe. Tundu lenye kinyesi ni kazi ya kiwavi. Petali za nje zilizokauka zikawa gamba huku za ndani zikioza, bila ya mdudu yeyote, ni matokeo ya mvua iliyofuatiwa na jua kali. Punguza matawi ili hewa ipite, na umwagilie shinani.

Hatua ya tano. Tofautisha utitiri na dawa ya magugu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu vyote viwili huleta majani membamba yaliyosokoteka na matumba yaliyopinda. Utitiri unaoharibu vichipukizi haufiki hata milimita 0.3, kwa hiyo bila ya lenzi huoni kitu, na kutokuona si ushahidi kwamba haupo. Tazama chini ya majani machanga kabisa: utitiri huyafanya yawe magumu na yenye rangi ya shaba, huanzia kwenye ncha za mti mmoja, kisha hutambaa polepole kwa jirani zake. Dawa ya magugu hupiga miti ya jamii mbalimbali kwa wakati mmoja, na zaidi upande ule upepo ulikotokea. Ikiwa ni ya aina ya 2,4-D, ile inayoua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, mawaridi, mpapai na mitungule (nyanya) vitasokoteka ilhali ukoka umesimama salama. Tahadhari ni tatu. Bomba lililopulizia magugu lisitumike tena kwenye maua, hata likioshwa, kwani mabaki kidogo tu yanatosha kuharibu. Sumu ya wadudu usiipulizie utitiri kwa kubahatisha, maana nyingi huua maadui zake wa asili, nao ukazidi kuzaana. Salfa huusaidia mti wenye utitiri, lakini huunguza majani ikipuliziwa kwenye joto la mchana, au kabla ya kupita wiki mbili tangu upulizie mafuta yoyote, yakiwemo ya mwarobaini. Wala usingoje jani lililopinda linyooke. Tazama machipukizi mapya.

Hatua ya sita. Ikiwa petali zimegeuka vijani vya kijani kibichi, kama inavyotokea kwenye maua ya vinka, shuku fitoplazma, maradhi yanayoenezwa na vijipanzi vinavyofyonza utomvu. Hayana tiba. Ng'oa.

Hatua ya saba. Udongo ulaumiwe mwisho, isipokuwa kwa walioko kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama Paje na Makunduchi hapa Unguja, ambako chokaa huzuia mimea kupata virutubisho vya chuma na boroni. Anza na mboji. Boroni ikizidi kidogo tu huwa sumu.

Maswali

"Mawaridi yangu yamejikunja. Dawa gani? Haraka tafadhali."
Hatua ya pili hadi ya tano. Ukimaliza, rudi na ulichokiona.

"Mwalimu, maua ya mlangilangi wangu ni ya kijani, petali nyembamba zimejisokota na zinaning'inia. Nimeshapulizia mara mbili."
Hatua ya kwanza. Ua la mlangilangi lina petali sita ndefu, na ndivyo zilivyo. Likikomaa litageuka manjano. Mti ni mzima.

"Hilo la dawa ya magugu silikubali. Jirani alipulizia shamba lake, si bustani yangu."
Sikumtaja jirani, nimetaja upepo. Katazame mpapai wako kwanza.

"Asumini zangu zina vithiripi, nami huziuza kwa vikuba, hivyo sumu siitaki kwenye nywele za watu. Nifanyeje?"
Umefikiri vyema, Bi. Okota kila siku maua yaliyochakaa, pamoja na yaliyoanguka, usiyaache chini ya mti. Tundika vibao vya buluu vilivyopakwa grisi, kwani rangi hiyo huwavuta. Jioni, baada ya kuchuma na nyuki wakiwa wamerudi, pulizia maji ya sabuni hafifu, ukijaribu tawi moja kwanza. Asubuhi suuza kwa maji matupu.

"Ncha za haibiskasi zimejifunga vifundo, na majimoto, wale chungu wa mitini, wamejaa. Niwaue?"
Wanaofunga vifundo ni vidung'ata, wale weupe wenye utandoutando kama pamba. Majimoto wamefuata utamu wao na huwalinda. Kata ncha hizo, uzitie mfukoni na uufunge. Kiota usikichome: minazini majimoto hulinda vidaka dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa, jambo ambalo mtafiti M. J. Way alilichunguza hapa Zanzibar katika miaka ya 1950. Wazuie haibiskasi tu, kwa kufunga shinani kitambaa kilichopakwa grisi. Tawi linalogusa mnazi au ukuta likate kwanza, la sivyo watapitia huko.