Jinsi ya kuona upungufu wa oksijeni ukizaa usumaku katika udongo mwekundu

Udongo mwekundu wa Kampala una oksidi ya chuma, Fe2O3, ambayo sumaku ya kawaida haiivuti. Chekecha udongo mkavu, ondoa kwa sumaku chembe zinazonasa, uchanganye na unga wa makaa ndani ya kopo lenye tundu dogo kifunikoni, kisha uuchome juu ya sigiri nje ya nyumba, kwani gesi inayotoka ni sumu isiyo na harufu. Makaa huinyang'anya oksidi baadhi ya oksijeni. Elektroni zinazobaki hugeuza sehemu ya Fe3+ (ayoni, yaani atomi ya chuma iliyopoteza elektroni tatu) kuwa Fe2+ (iliyopoteza mbili), na atomi hujipanga upya kuwa Fe3O4, oksidi nyingine ya chuma, nyeusi, yenye usumaku, inayopitisha umeme vizuri zaidi kwa sababu elektroni huruka kati ya ayoni hizo. Usifungue kopo likiwa moto, maana oksijeni itarudi. Likipoa, sogeza sumaku iliyofungwa karatasi: unga mweusi utasimama kama ndevu.