Umri wa mbwa: mtazame meno

Ukiletewa mbwa Likoni au Kisauni ukaambiwa "ana miezi minne tu", mwinue mdomo wa juu. Meno ya utoto ni 28, membamba na makali kama sindano, na kwa kawaida huwa yameshatoka yote akifika wiki 8 hivi. Ya mbele hubadilika kati ya miezi 3 na 5, chonge kwenye miezi 5 au 6. Akitimiza miezi 7 huwa na meno 42 ya ukubwani. Basi mwenye chonge kubwa zilizokwisha kuota, hiyo miezi minne ameshaipita.

Baada ya hapo ni kukisia. Mwaka 1, meno meupe safi. Miaka 2, ukoga wa manjano huanza kwenye magego. Miaka 3 hadi 5, ya mbele huonekana yamelika. Lakini mbwa anayeguguna mawe au vifuu vya nazi huyamaliza mapema, na wadogo wa umbo hupata ukoga haraka, kwa hiyo tazama na macho: ukungu wa buluu kwenye mboni, ilhali bado anaona, mara nyingi ni miaka 7 kwenda juu. Mvi za mdomoni hudanganya.

Kama hujui chanjo yake ya kichaa cha mbwa, mwachie daktari wa mifugo amfungue mdomo.