Lori likichemsha mlimani
Ukipandisha milima ya Kolo, kule Kondoa, na mzigo ukaona geji ya joto inapanda, egesha. Kama maji bado yapo, acha injini ingurume taratibu kwanza. Kama yamemwagika, zima mara moja. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka mpira wa juu unaopitisha maji upoe na uminyike kwa mkono.

Pa kuvuja hutafutwa asubuhi, injini ikiwa baridi: tazama kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka kwenye klipu za mipira na chini ya pampu ya maji. Na jamani, visima vingi vya huku Dodoma vina chumvi. Maji yake yakufikishe gereji tu, kisha yamwage, maana huacha ukoko unaoziba rejeta. Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, usiwashe tena, ita fundi.