SOMO: Mlima wako uonekane mlima

Wakuu, kila mara naletewa picha ya kuchora ya jabali lililojaza turubai (kitambaa cha kuchorea) nzima, halafu swali ni lilelile: mbona linaonekana kama kichuguu? Naandika hapa, meseji za pembeni sasa basi.

1. Mstari wa upeo, pale mbingu inapokutana na ardhi, ushushe theluthi ya chini. Mbingu ipate nafasi.

2. Weka kitu ambacho jicho linakijua kimo chake: mtu, ng'ombe, mbuyu. Kiwe kidogo. Albert Bierstadt alipochora milima ya Sierra Nevada ya Marekani mwaka 1868 aliweka kulungu kando ya ziwa, ndio maana majabali ya nyuma yake yanatisha.

3. Umbali. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Hewa hutawanya mwanga wa buluu, hivyo mlima wa mbali hupauka na kivuli chake hufifia. Anza na safu ya nyuma kabisa, changanya rangi yake na ya mbingu. Kila safu inayosogea mbele iongezee giza na wekundu wa udongo. Nyufa na majani ni za mbele tu. ONYO: nyeusi ya kwenye tyubu usiipeleke mbali, itauvuta mlima hadi puani. ONYO la pili: kiangazi chetu kina vumbi. Simama Kilimatinde mwezi wa 9 utazame bonde la Bahi, ng'ambo inapauka kuwa kahawia nyeupe. Buluu isubiri mvua.

4. Jua litoke upande mmoja. Saa kumi na moja jioni panatosha.

MASWALI

— Mkuu, milima ya mbali naipaka rangi gani?
Hatua ya 3. Soma.

— Nikinunua turubai kubwa si inatosha?
Picha ya milima ya Andes ya mchoraji Frederic Church (1859) ina upana wa karibu mita 3, sawa. Ila ile ya Friedrich wa Ujerumani, mtu katupa mgongo juu ya jabali akitazama ukungu, haifiki mita 1 kwenda juu. Pima mwenyewe.

— Kaka, wale waliochora mapangoni Kolo, Kondoa, mbona hawakuweka milima?
Swali zuri hili! Wao walichora wanyama na watu, mwamba wenyewe ukawa turubai. Nenda Kondoa uangalie twiga wanavyopandana na michoro ya zamani zaidi, bila mstari wa upeo popote.

— Akriliki inanikaukia kabla sijachanganya, upepo wa huku balaa.
Tandika kitambaa kibichi kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, rangi weka hapo. Ukipumzika funika.