Usiku wa Kwanza wa Kompyuta Mpya: Ipime Kabla ya Kuipa Kazi

Ukifika nyumbani na kompyuta mpya, usiihamishie picha za familia wala hesabu za duka siku hiyohiyo. Kifaa chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema kikibanwa kazi, na siku hizo za mwanzo ndizo muuzaji bado anakubali kubadilisha. Mashine za wateja wangu nazipima kwa mfuatano huu.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha

Kwa kompyuta ya mezani, anza na pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kwa nyuma. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, kwa hiyo swichi ikiwa kwenye 115, ukichomeka tu umeiunguza. Kisha tazama ndani: feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta) imekaza? RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda) zimezama hadi vibanio vimejifunga? Safari ya bodaboda kutoka dukani hulegeza vitu. Ukikuta stika ya waranti kwenye kifuniko, usiichane. Mwombe muuzaji afungue mwenyewe mbele yako.

Hatua ya 2: Ni mpya kweli?

Kwenye Windows weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski. Kwenye Linux tumia amri ya smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski. Tafuta mstari wa Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewashwa. Diski mpya husoma saa chache tu. Ukiona 4,000, hiyo imeshafanya kazi zaidi ya miezi mitano mfululizo, hata kama boksi lilikuwa na nailoni. Mistari ya Reallocated na Pending (sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa), kama ipo, lazima isome sifuri.

Kwa kompyuta mpakato, andika pia powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ya Windows, ufungue ripoti yake, ulinganishe ujazo wa betri ilivyotoka kiwandani na ujazo wake wa leo. Pengo kubwa maana yake betri imeshatumika.

Hatua ya 3: RAM, na hapa usiharakishe

Andika Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, ni ya bure, kisha washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Mashine nyingine hukataa hadi uzime Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa wakati wa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Iache usiku kucha, angalau izunguke mara nne. Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Kosa moja tu, mashine imefeli. Wapo wanaosema kosa moja kati ya mabilioni ya majaribio si kitu. Siwakubalii. Aliwahi kuniletea mashine mhasibu mmoja, haina hata miezi miwili, mafaili yake ya hesabu yanagoma kufunguka moja baada ya jingine. Alishabadilisha Windows mara tatu. Diski ilikuwa nzima; kasoro ilikuwa kwenye RAM moja, ikiharibu herufi chache kila faili linapohifadhiwa, bila ujumbe wowote. Hata nakala zake za akiba ziliandikwa zikiwa zimeharibika. Ndiyo maana RAM naipima kabla hata ya kuweka faili lolote la kazi.

Makosa yakitokea, kwanza zima XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS kama imewashwa, urudie. Yakibaki, pima RAM moja moja kwenye tundu lilelile. Kosa likiifuata RAM, mbovu ni RAM. Likibaki kwenye tundu, tatizo ni mazabodi (bodi kuu) au prosesa.

Hatua ya 4: Prosesa na joto

Prime95 ni programu ya GIMPS, mradi ulioanza 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa sana. Inatufaa kwa sababu majibu ya hesabu zake za majaribio yanajulikana tayari, hivyo prosesa ikikosea inakamatwa papo hapo. Mwaka 2016 programu hii ilifichua hitilafu kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, ikabidi zirekebishwe kupitia BIOS.

Ndani ya Prime95 chagua jaribio la Small FFTs (hubana zaidi prosesa) kwa saa moja, kisha Blend (hubana na RAM pia) kwa saa kadhaa, huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha joto na kasi. Namba ya joto peke yake isikutishe: prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 za mezani zimeundwa kufika nyuzi 95, na mpakato nyingi hugonga 90. Angalia kasi. Ikishuka chini ya kasi ya msingi iliyotangazwa, huenda upoozaji hautoshi. Na pima kwenye chumba itakamofanyia kazi. Matokeo ya dukani penye kiyoyozi hayatakusaidia Machi mchana Dar es Salaam.

Hatua ya 5: Kadi ya picha na pawasaplai

Endesha FurMark, programu ya kuibana kadi ya picha, dakika 20. Vidoti vya rangi au mistari kwenye skrini ni dalili mbaya. Halafu iendeshe pamoja na Prime95 dakika 10, ukiwa umekaa hapohapo. Mashine ikizimika ghafla kama umeme umekatika, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai.

Malizia na vidogo: chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, bonyeza kila kitufe cha kibodi, jaza skrini rangi nyeupe na nyeusi utafute vidoti vilivyokufa, jaribu kamera, maiki na sauti.

Kila kosa lipige picha kwa simu, tarehe ionekane. Ukirudi dukani, nenda na picha hizo, risiti, na ile flashi ya Memtest86+, ili mashine iwashwe pale kaunta na muuzaji aone mistari myekundu ya makosa kwa macho yake.